Hotuba ya Mjomba kwa Nyuki

Mwezi uliopita nilikuwa Itigi, nikisaidia kupika kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja karibu na stesheni, akaingia mteja na ndoo mbili za plastiki zilizofungwa matambara mdomoni. Aliziweka chini ya meza, akaagiza ugali na maini. Sikuhitaji kumuuliza amebeba nini. Asali inayorinwa kwa moshi ina harufu yake: magome yaliyoungua, nta, na kitu kingine kama maua yaliyosahauliwa juani. Niliacha mwiko umesimama kwenye sufuria mpaka ugali wa watu ukaanza kushika chini.

"Wewe dada, umeona jini?" mwenye kibanda akaniuliza.

Sikuona jini. Nilimwona mjomba wangu Ntandu, amesimama kwenye mchanga wa mto mkavu, mdomo wazi, neno limemkwama kooni, na sisi ndugu zake tukicheka.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Wewe unayesoma hunijui, na hilo linanipunguzia aibu kidogo, ingawa siyo sana.

Nilikulia Utemini, Singida mjini, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Baba alikuwa dereva wa lori, tulimwona mara moja kwa wiki kama barabara ilikuwa na huruma. Tulikuwa na redio, lakini betri zilikuwa za taarifa ya habari tu. Burudani yetu iliyobaki nilikuwa mimi. Nilijua kuigiza watu. Nilianza na muuza mafuta ya taa aliyekuwa akipita na baiskeli akiita kwa pua, nikaja kwa mtangazaji wa redio, nikaja kwa mwalimu wangu wa hesabu aliyekuwa akitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga mayai. Baada ya chakula cha jioni Mama alikuwa akisogeza kigoda, anaegemea ukuta, anasema, "Haya Kasuku, leo tulete nani?" Hilo la Kasuku ndilo lililokuwa jina langu la nyumbani.

Mama alikuwa mtu wa kuchoka. Alikamua alizeti kwenye mashine ya watu kutwa nzima na kurudi akinuka mashudu. Lakini nikimpata vizuri alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu, anafuta macho kwa ncha ya kanga, ananiomba niache, na mimi siachi. Kama umewahi kumchekesha mama yako namna hiyo, unajua kwamba hakuna kazi nyingine duniani yenye malipo mazuri kama ile.

Sheria ilikuwa moja tu, na Mama aliirudia mara nyingi. Mwendo ruksa, sauti ruksa, lakini kilema cha mtu, hapana. "Kiwete usimwigize, kipofu usimwigize, na kaka yangu Ntandu usimwigize."

Mjomba Ntandu alikuwa na kigugumizi. Siyo kile cha kujikwaa kidogo na kuendelea. Chake kilikuwa kinamfunga kabisa. Neno lilimsimamia mdomoni, shingo inakaza, macho yanapepesa, mpaka anayemsikiliza anashindwa kuvumilia na kumtamkia. Na ukoo mzima tulikuwa tukimtamkia. Akianza "M-m-m," mmoja anasema "maji," mwingine "moto," mwingine "mbuzi," kama vile tunashindana kutegua kitendawili, mpaka apatikane aliyelenga. Mjomba anaitikia kwa kichwa, mambo yanaendelea. Bingwa wa kumtamkia alikuwa mdogo wake, Mjomba Njiku, mtu mwenye mdomo mrefu aliyekuwa akiendesha trekta za watu huko Ilongero. Bingwa wa pili nilikuwa mimi. Nilidhani tunamsaidia.

Mjomba Ntandu alikuwa amehamia Rungwa kufuga nyuki kabla mimi sijazaliwa, na tulikuwa tukimwona akija Singida kuuza asali. Nilipokuwa na miaka kumi, likizo ya mwezi wa sita, Mama alipata ruhusa ya wiki moja kazini, akasema tunakwenda kumtembelea. Mjomba Njiku akajiunga nasi. Tulilala Itigi, tukapanda basi alfajiri, na kutwa nzima dirishani hapakuwa na kitu ila miti, miti, na vumbi jekundu. Nilikuwa nimezoea Singida ya mawe na maji ya chumvi, mahali ambapo mtu anaonekana kutoka mbali. Kule mtu akiingia hatua kumi ameshamezwa.

Binti yake mjomba, dada Pili, alikuwa na miaka ishirini na alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Manyoni. Sherehe ya kumuaga ilikuwa imepangwa mwezi wa nane. Usiku ule wa kufika tulilala naye kitanda kimoja, akanieleza habari zote: gauni, mapambo, wapishi. Halafu akaniambia kwamba amemwomba baba yake kitu kimoja tu. Siku ile, wakati wa mzazi kumuaga mwanawe, asisimame Mjomba Njiku kumsemea. Asimame mwenyewe.

"Hata maneno matatu yanatosha," Pili alisema. "Yakichukua saa nzima na yachukue. Ila yatoke kwake."

"Amekubali?"

"Amesema atajaribu."

Siku ya tatu tukaenda porini wote. Mara nyingi kambi ya nyuki ni mambo ya wanaume, lakini mjomba hakuwa na mambo hayo, na msimu ule alitaka ndugu zake waone mizinga yake. Tulikwenda kwa miguu na baiskeli mbili zilizobeba ndoo, unga na sufuria. Kambi ilikuwa vibanda viwili vya nyasi kando ya mto uliokauka. Kwangu ilikuwa kama peponi, ukiondoa mbung'o, ambao wanang'ata juu ya nguo na hawajali wewe ni mgeni. Mama Pili, mke wa mjomba, alipika viazi vitamu chini ya majivu. Tulikula uyoga wa kukausha wenye ladha kama nyama. Mama alilala mchana, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya maisha yangu yote.

Asali hurinwa giza likianza kuingia, nyuki wakiwa wametulia. Asubuhi mjomba alikuwa akizunguka peke yake kukagua mizinga. Ilikuwa mizinga ya magome, ameining'iniza juu kwenye miti, na alikuwa akiugonga mti kwa rungu, anatega sikio, anajua kama ndani ya mzinga kuna asali au bado. Siku moja niliomba nifuatane naye, akakataa kwa kutikisa kichwa. Mimi nikikataliwa kitu, hapo ndipo ninapokitaka. Mpaka leo niko hivyo, na ndiyo sababu shule ilinishinda na mji mmoja haujawahi kunitosha.

Nikamfuata kwa mbali, peku, nikijificha nyuma ya vichuguu.

Alifika kwenye mti mkubwa wenye mizinga mitatu. Akaugonga, akasikiliza. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Akaanza kusema.

Nataka uelewe nilivyosikia. Ile sauti sikuwa naijua. Ilikuwa nzito, ya taratibu, inateremka bila kugonga mahali.

"Wageni wetu kutoka Manyoni, nawasalimu. Karibuni Rungwa. Mimi ndiye baba yake Pili. Wanaonifahamu wanajua mimi siyo msemaji, kwa hiyo sitawachosha."

Akanyamaza kidogo, kama anayewapa wageni nafasi ya kucheka. Juu, nyuki walikuwa wakivuma. Akaendelea.

"Pili mwanangu. Siku uliyozaliwa mimi nilikuwa huku porini. Habari ilinifikia siku ya tatu. Nilitembea kutwa nzima kuja kukuona, na njia yote nilikuwa nafanya mazoezi ya jina lako. Nilipofika nikakupokea, nikafungua mdomo, likakwama. Basi nikakuita Mama. Na tangu siku hiyo nakuita Mama, watu wanasema, huyu baba anampenda binti yake mpaka anamwita mama. Ni kweli nakupenda. Lakini jina lako ndilo lililonishinda, na ndilo nililolitaka kuliko maneno yote. Leo nimelisema. Nenda nalo."

Alipomaliza alivaa kofia, akasogea mpaka mti uliofuata, akaugonga, akavua kofia, akaanza upya. "Wageni wetu kutoka Manyoni, nawasalimu." Alikwenda hivyo mti kwa mti. Nilimsikiliza kwenye miti minne. Neno halikukwama hata mara moja. Nilirudi kambini mbio. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho hata Mama hakukijua: Mjomba Ntandu anaweza kuongea!

Na sasa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojificha kila nikijitetea. Sheria ya Mama ilikataza kuigiza kigugumizi. Mimi sikuigiza kigugumizi. Niliigiza hotuba isiyo na kigugumizi. Kwa akili yangu ya miaka kumi, nilikuwa namsifu.

Mchana ule, baada ya kula, tulikaa wote kwenye mchanga wa mto, kwenye kivuli cha ukingo. Mjomba Njiku alikuwa ameshasimulia habari zake za trekta, Mama Pili ameshaimba wimbo wa kutwanga, Pili ametega vitendawili. Mjomba Ntandu alikuwa pembeni anasuka kamba, anatabasamu. Kisha Mama akaniangalia, akasema maneno yale ninayoyajua.

"Haya Kasuku, leo tulete nani?"

Nikasimama. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakishika kifuani kama kofia. Nikagonga jiwe, nikatega sikio, hatua mbili nyuma. Hapo tu wakaanza kucheka, maana ule mwendo wa mjomba nilikuwa nao tangu zamani. Kisha nikatoa sauti.

"Wageni wetu kutoka Manyoni, nawasalimu. Karibuni Rungwa. Mimi ndiye baba yake Pili."

Kwanza walishtuka. Sauti ilikuwa yake kabisa, lakini inatiririka, na hicho ndicho kilichowachekesha. Mjomba Ntandu anayeongea kama mkuu wa wilaya! Nikavumisha nyuki kwa midomo, nikaendelea. "Wanaonifahamu wanajua mimi siyo msemaji, kwa hiyo sitawachosha. Pili mwanangu..."

Sikufika mbele ya hapo. Mjomba Njiku alikuwa amejiangusha chali kwenye mchanga.

"Kumbe!" alipiga kelele. "Kumbe hotuba zote wanakula nyuki! Sisi ndugu zako tunaambulia m-m-m, nyuki wanapewa salamu mpaka za Manyoni! Bwana Ntandu, na mimi nitaota mbawa!"

Mama alikuwa akifuta macho kwa kanga. Hata Mama Pili, mke wake, alicheka. Mjomba Ntandu naye alicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana mahali pengine pa kuweka uso wake. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, na sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha kubwa zaidi ya ile.

Pili ndiye aliyeacha kucheka mapema. Alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, uso umemng'aa.

"Baba, kumbe unaweza? Ni kweli? Hebu tusemee basi. Kidogo tu. Baba, nakuomba."

"Haya, simama!" akasema Njiku. "Sisi ndio nyuki leo. Vzzzz."

Mjomba Ntandu aliweka kamba chini. Angeweza kukataa. Nimewaza mara nyingi kwa nini hakukataa, na nadhani ni kwa sababu ya ule uso wa Pili. Alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani.

"P," alisema. "P-p. P..."

Shingo ilikaza. Macho yakaanza kupepesa. Mbung'o alitua shavuni mwake, akamng'ata, na mjomba hakumfukuza. Pili alikuwa amekaza midomo, anamsubiri, hamtamkii. Sisi wengine tulikuwa tumeinama mbele kama siku zote. Na mimi, bingwa wa pili, nikamtangulia bingwa wa kwanza. Kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya porini, nikasema:

"Pili mwanangu!"

Kicheko kilichofuata kilirusha ndege kwenye miti ya ng'ambo. Mjomba Ntandu alifunga mdomo. Alivaa kofia, akainama, akaokota kamba yake, akakaa na kuendelea kusuka pale alipoishia. Pili alinitazama mara moja tu. Sijawahi kulistahimili jicho lile, na katika safari zangu nimetazamwa na askari wengi na wenye nyumba ninaodaiwa nao kodi.

Jioni ile mjomba alipanda miti na kienge chake cha kufukizia moshi, akashusha asali kwa kamba kimya kimya. Sisi tulilamba masega mpaka videvu vikanata. Nililala nimeshiba, najivuna.

Kwenye basi la kurudi Mama alitazama miti dirishani mpaka tulipokaribia Itigi. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Usiigize tena." Nikamuuliza, mpaka lini? Akavuta kanga, akajifunika mabega. Na tangu siku hiyo hakusogeza tena kile kigoda ukutani. Nilidhani amechoka.

Mwezi wa nane tulikwenda kwenye sherehe. Ukumbi ulikuwa turubai na viti vya kukodi. Ulipofika wakati wa mzazi kumuaga mwanawe, mshereheshaji akamwita Mjomba Ntandu, wakasimama wawili: Mjomba Ntandu na shati jeupe jipya, ameshika ndoo ndogo ya asali, na Mjomba Njiku na kipaza sauti. Njiku alisema vizuri, lazima nikiri. Aliwachekesha wageni wa Manyoni, akatoa nasaha, akapigiwa makofi. Muda wote ule Pili hakumwangalia Njiku. Alikuwa akimtazama baba yake mdomoni. Mjomba Ntandu alikuwa akiitazama ndoo. Hapo ndipo nilipoanza kushindwa kuwatazama, na sikujua bado ni kwa nini. Nilitoka nje nikasema naumwa.

Miaka ikapita. Niliacha shule kidato cha pili. Nimepikia wajenzi wa barabara, nimeuza mitumba minadani, nimefagia nyumba za wageni katika miji ambayo nusu yake nimesahau majina. Kila mahali watu wamenipenda kwa kuwa naweza kuigiza bosi wao. Na kila wakicheka, kuna mahali katikati ya kicheko nasikia ndege wakiruka.

Basi yule mteja wa Itigi nikamuuliza asali imetoka wapi. Rungwa. Nikamuuliza kama anamfahamu mzee mmoja anaitwa Ntandu.

"Yule mzee bubu?" alisema. "Yupo. Kazeeka, lakini bado anatundika mizinga."

Siku iliyofuata nikapanda basi.

Nilimkuta uani peke yake, anachuja nta kwenye gunia. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nilikuwa mbali wakati huo, sikwenda kuzika, na hiyo ni aibu nyingine. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hilo lilitoka lenyewe. Alinitazama kwa muda. "K-k-kasuku."

Akanivutia kigoda. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa cha kusema, na nilikuwa nacho, kimepangwa. Nikafungua mdomo. "Mjomba, siku ile mtoni, nilikuja... nimekuja ku..." Nikashindwa. Neno "samahani" lilikuwa pale, naliona, na halikutoka. Nilikaa na mdomo wazi kama samaki, mimi niliyeishi kwa mdomo.

Mjomba Ntandu alijua ninatafuta neno gani. Asingekosa kulijua. Hakunitamkia. Aliacha gunia, akaweka mikono magotini, akanisubiri, uso umetulia, kama mtu ambaye hana safari. Kuku walipita. Jua lilisogea kwenye ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri namna ile, na nilipofikiri vizuri, nikaona hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumsubiri yeye namna ile, ila Pili, mara moja, nami nikamkatizia.

"Samahani," nilisema mwishowe, nikalia.

Aliitikia kwa kichwa. Hakusema nimekusamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Baada ya muda nikamuuliza kama bado anawahutubia nyuki. Akatikisa kichwa. Aliacha. Tangu lini? Akanyoosha kidole kwangu, taratibu, bila hasira, kama anayeonyesha njia. Kisha akasema kwa shida, na sikumkatiza, kwamba nyuki hawakuwa na uchawi wowote. Walikuwa wanamngoja tu amalize.

Nta ilikuwa imeanza kuganda kwenye beseni, harufu yake imejaa uani. Nilimwambia kwamba maneno yake bado ninayo, yote, hata yale ambayo sikufika kuyasema mtoni. Aligeuka, akanitazama kwa namna ambayo sikuitegemea.

"Ha-hajayasikia," alisema.

"Nani, mjomba?" niliuliza, ingawa nilijua.

Akavua kofia. Akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"P," alisema. "P-p..."

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, kwa sauti yake, tayari. Nikaufunga mdomo, nikaweka mikono magotini, nikasubiri.